Kwa Mariata, Aliyerudisha Sahani Tupu

Dada yangu Mariata,

Barua ya kaka yako ilifika Jumanne. Stempu zilikuwa zile zile za kwenu Finland, kwa hiyo nilidhani ni wewe, nikaitia mkobani bila kuifungua ili niisome nyumbani mbele ya Mama kama tulivyozoea. Alikuwa uani akichagua mchele. Nikasoma mstari wa kwanza kimya, kisha wa pili. Mama akasema, "Tafsiri basi, Saumu, mbona wayameza maneno peke yako?" Nikamtafsiria. Aliendelea kuchagua mchele kwa muda, halafu akauweka ungo chini akaniambia nimsomee tena, labda nimekosea Kiingereza.

Sikukosea. Kaka yako anasema uliugua tangu baridi ya mwaka jana, na kwamba hukutaka tuambiwe mpaka upone. Hukupona.

Sasa sina mahali pa kukutumia barua, lakini yapo mambo ambayo sikuwahi kukushukuru vizuri, na moja ambalo nilikuomba radhi juu juu tu. Naiandika wazi, asome anayetaka. Ziko nyumba nyingine hapa pwani zitakazompokea mtoto wa watu kwa ule mpango wa kubadilishana wanafunzi, na huenda ikawafaa kujua jinsi tulivyokaribia kukupoteza ndani ya mwezi mmoja, kwa wema mtupu.

Ulikuja Januari, katikati ya miaka ya themanini. Baba alikwenda kukupokea ng'ambo ya kivuko, mkavuka pamoja kwa feri, akaja nawe hadi nyumbani Likoni akiwa amejitwika begi lako kichwani, ingawa alikuwa karani na sikuwahi kumwona akijitwika kitu. Ulikuwa umefunga sweta kiunoni. Mama alipokuona akasema, "Maskini ya Mungu, mtoto amekuwa mwekundu kama aliyechapwa," akakimbilia jikoni kukuchemshia maji ya kuoga, maana alikuwa amesikia kwamba Wazungu huoga maji moto. Ukaoga maji moto, Januari, Likoni. Ulitoka mwekundu zaidi. Ukasema asante. Na kwa sababu ulisema asante, Mama alikuchemshia maji kila siku, asubuhi na jioni, wiki tatu nzima, akilalamika kimoyomoyo juu ya makaa.

Hatukuwa na meza ya kulia chakula. Baba akaazima moja kwa seremala wa mtaa wetu, akaiweka sebuleni chini ya dirisha, na Mama akaitandika kitambaa chake cha kudarizi ambacho hata sisi watoto hatukuruhusiwa kukishika. Hapo ndipo ulipokula, wewe peke yako, kwa uma, ukiwa umekalia kiti cha Baba. Kidari cha kuku kilikuwa chako. Samaki, ule upande usio na miiba ulikuwa wako. Sisi tulikula uani kwenye mkeka, sinia moja, na Mama alitukataza kabisa kuchungulia sebuleni. "Mgeni huona haya kutazamwa akila," alisema. "Mwacheni apumue."

Nawe ulipumua, peke yako, ukitusikia tukicheka nyuma ya pazia.

Ukija jikoni uliambiwa, "La, la, mwanangu, moshi huu, rudi ukapumzike." Ukishika ufagio ulipokonywa. Siku moja ulifua kanga ya Mama bila kuambiwa, akakushukuru kwa maneno mengi, kisha ulipotoka akaniambia mimi, "Hebu ifue tena, mtoto wa watu asije akasema tumemfanya mtumishi." Nikaifua tena. Sikujua kwamba uliniona.

Nje nako hukuwa na raha. Kwetu mtu hapiti mlango wa mtu bila kusalimu, na salamu si neno moja. Wewe ulipita ukitabasamu, umeinamisha kichwa, na mama watu wakabaki wakiulizana kama umenuna. Baadaye ulinieleza kwamba kijijini kwenu watu wawili wanaweza kuketi ziwani saa nzima wakivua samaki bila kusema neno, na wakiachana kila mmoja akaona wamezungumza vizuri sana. Nilicheka mpaka nikatoka machozi. Lakini hilo ulinieleza baadaye, tulipokuwa tumeshakuwa ndugu. Katika zile wiki za mwanzo hukunieleza kitu, na mimi sikuuliza.

Niseme kweli, Mariata. Sikuuliza kwa sababu ya kitanda. Kabla hujaja nilikuwa na kitanda changu cha besera, chenye nguzo nne, zawadi ya shangazi yangu, na ulipokuja nikateremshwa kwenye godoro chini. Sikukuchukia. Lakini kila nilipolala chini nilikuwa nikikitazama.

Ilikuwa Jumatano, tumetoka shule, nilipokukuta umejikunyata ukutani, uso kwenye mto. Nikadhani ni homa. Ukasema kwa kile Kiingereza chetu cha shule, cha kwako kikiwa na lafudhi yako na changu na yangu, kwamba umemwandikia yule mama aliyewasimamia wanafunzi wa kigeni, na kwamba atakuja Jumamosi.

"Kufanya nini?"

"Kunihamisha. Mama yako hanitaki."

"Hakutaki vipi? Kila siku si yeye anayekuchinjia kuku?"

"Ananilisha mbali na nyinyi. Nikigusa kitu chake anakichukua. Nguo niliyofua mimi inafuliwa tena. Hajanikasirikia hata siku moja, Saumu. Mama ambaye hakukasirikii hata siku moja, huyo hakutaki."

Nilitoka nikaenda uani, na unajua nilikuta nini huko? Nilimkuta Mama akimwambia Baba, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto huyu hatupendi. "Chakula changu hali, yuwakidonoa kama kuku mgonjwa. Hasemi, hacheki. Atakapokuja yule mama wa shule nitamwambia ampeleke Nyali, kwenye nyumba zenye feni. Asije akatufia hapa, tukawaambia nini wazazi wake?"

Baba akasema, "Basi mwulize mwenyewe."

"Nimwulize mgeni kama amechoka na nyumba yangu? Mimi?"

Hapo nilikuwa na maneno ya pande zote mbili mdomoni mwangu. Sentensi mbili zingetosha. Sikusema Jumatano, sikusema Alhamisi. Nilisema moyoni kwamba Nyali kuna feni kweli, na Mariata atafurahi. Na usiku wa Alhamisi, Mungu anisamehe, nilipanga tena mahali pa kuweka vitabu vyangu kando ya kile kitanda.

Kisha ikaja Ijumaa na sahani zako.

Kwa asiyejua ada yetu nitaeleza. Jirani akipika kitu kizuri hukuletea sahani. Ile sahani huirudishi siku hiyo. Hukaa kwako, hata wiki mbili, mpaka na wewe upike kitu cha kufaa, ukaijaza, ukampelekea mwenyewe. Kwa hiyo katika jiko lolote la mtaa wetu utakuta sahani za watu zimepangwa rafuni zikingoja. Kumrudishia mtu sahani yake tupu, bila chochote, ni kumwambia kwamba mimi na wewe basi.

Siku hiyo Mama alikuwa amekwenda Changamwe kumtazama dadake. Mimi nilichelewa shuleni. Wewe ulibaki peke yako na hatimaye jikoni hapakuwa na mtu wa kukufukuza. Ukaziona sahani tatu rafuni, ukazitambua, maana ulikuwa umewaona waliozileta. Ukadhani tumesahau. Ukazisugua kwa jivu mpaka zikang'aa, ukazifuta kwa taulo lako mwenyewe lililotoka Finland, ukaenda nazo nyumba kwa nyumba. Ulikuwa umejifunza salamu kamili kwa ajili hiyo, tena ulikuwa umeiandika mkononi kwa kalamu. "Shikamoo, habari za mchana, Mama anasema asante sana." Ukawapa sahani tupu zinazometameta, kwa mikono miwili, ukirudi kinyumenyume kwa heshima.

Mama alipokuwa akirudi, Bi Rukia, jirani mwenye sahani ya kwanza, alimngoja barazani.

"Mama Saumu, njoo. Leo nikuulize kwa Mungu. Nimekukosa nini?"

"Umenikosa? Lini?"

"Mbaazi zangu zilikuwa na mawe?"

"Bi Rukia, wasema nini wewe?"

"Nasema miaka kumi na mbili twapelekeana, na leo waniletea sahani yangu imeoshwa kama maiti. Tena wamtuma Mzungu, ndiyo iwe ya serikali kabisa! Si ungekuja mwenyewe ukanitukana kwa mdomo wako?"

Nyumba ya pili hivyo hivyo. Nyumba ya tatu walimfungia mlango.

Nilikuwa nimefika nyumbani punde tu Mama alipoingia, buibui limemteremka begani, jasho linamtiririka. Hata salamu hakutoa.

"Nani kapeleka sahani za watu?"

Nilikutazama. Ulisimama. "Mimi, Mama."

Nilidhani atageuka, atameza mate, atakwambia "si kitu, mwanangu" kama siku zote. Lakini tangu kwa Bi Rukia hadi kwetu hasira zilikuwa zimemjaa, hakuwa na pa kuzitua.

"Wewe mwana wewe! Sahani tupu? Tupu, wallahi, nyumba tatu? Wataka nizikwe na nani mimi, nikifa nani aje? Mwezi mzima umekaa humu ndani, hata siku moja hujaona sahani ikitoka mlango huu na chakula? Macho ya rangi yote hayo ni ya nini?"

Ulikuwa hujaelewa nusu ya maneno, lakini kidole alichokunyooshea ulikielewa.

"Pita hapa. Keti." Akakusukumia mbuzi ya kukunia nazi, akavunja nazi kwa mapigo mawili, akakutia nusu yake mkononi. "Kuna. Leo hakuna kulala mpaka nyumba tatu zimekula."

Ulikalia ile mbuzi upande kama mtu anayekalia baiskeli ya mwenzake, ikakupindua. Mama akakushika mabega akakuweka sawa, bila upole wowote. "Miguu huku! Hivyo! Usikune mpaka kwenye ganda, tui litakuwa jeusi! Polepole, wafukuzwa na nani? Saumu, menya muhogo, usisimame hapo kama mlingoti!"

Ulijikwaruza vidole, ukavilamba, ukaendelea. Na baada ya nazi ya pili nikaona mabega yako yanatikisika. Nilidhani walia. Mama naye alidhani walia, akainama kukutazama usoni, kisha akainuka akamwita Baba kwa mshangao.

"Baba Saumu! Njoo uone! Namgombeza, yuwacheka!"

Ulikuwa ukicheka na machozi juu, uso mzima una chembechembe za nazi.

Tulipika muhogo wa nazi, sufuria kubwa. Mlikwenda pamoja, wewe na Mama, na mimi nyuma na sufuria. Ilibidi sahani ziombwe tena kutoka kwa wenyewe ili zijazwe, jambo ambalo Likoni halijapata kutokea. Kwa Bi Rukia, nyumba ya mwisho, Mama alikusimamisha mbele akasema, "Bi Rukia, kosa si lake. Ni langu kwa kuwa sikumfunza. Huyu hapa, mwenyewe kakuna nazi." Bi Rukia akaonja amesimama, akatafuna kwa makusudi, akatazama vidole vyako.

"Na damu mmetia, au ni tui tupu?"

"Kidogo," ukasema.

Alicheka mpaka akashika nguzo. Akakushika mkono akakuingiza ndani, na hukutoka huko mpaka Magharibi.

Siku hiyo Mama alichoka hata hakukumbuka kutandika meza. Sinia likatua mkekani, nawe ukabaki umesimama mlangoni hujui uende wapi. Mama hata hakuinua macho. Alisogea kidogo akapigapiga mkeka. "Kaa basi, waturefushia njaa."

Ulikula kwa mkono, muhogo ukikudondoka mapajani, na ulikula kuliko Baba.

Lakini barua yako ilikuwa imeshakwenda, na Jumamosi yule mama msimamizi akaja na gari lake. Aliketi kwenye kiti cha Baba akaeleza kwa adabu kwamba mwanafunzi ameandika kuomba kuhamishwa, na kwamba familia imepatikana Nyali, wana chumba cha peke yake na feni. Mama hakuwa akijua habari ya barua. Nilimwona anavyokunja ncha ya leso yake, anakunjua, anakunja. Siku tatu tu kabla alikuwa tayari kukupeleka Nyali yeye mwenyewe. Sasa akasema kwa shida, "Kama yuwataka kwenda, aende. Mimi simzuii. Ila nguo zake mbili ziko kambani hazijakauka."

Yule mama akakugeukia akakuuliza kwa Kiswahili, nadhani ili sote tusikie, kama una la kusema.

Ulifikiri. Naona mpaka leo ulivyokuwa ukitafuta maneno, moja baada ya jingine.

"Jana Mama amenigombeza," ukasema.

"Amekugombeza?" Yule mama akashika kalamu.

"Ndiyo. Sana. Na kidole." Ukaonyesha kidole. "Kwa hiyo nitakaa."

Baba alitoka nje, akasema ana kikohozi. Mama alijifunika uso kwa leso yake yote, na msimamizi wa watu akabaki na kalamu hewani, hajui aandike nini.

Wiki moja baadaye nilikwambia niliyoyajua na kuyanyamazia. Nilitarajia ukasirike. Ulisema tu, "Nilikuona ukikitazama kitanda." Kisha ukaniuliza kwa nini tusilale wote wawili, ni kipana. Tukalala hivyo mpaka Desemba, ukinipiga mateke. Niliomba radhi siku ile nikicheka, kwa kuwa ulinirahisishia. Leo naomba bila kucheka. Ungeondoka Jumamosi ile, ningekuwa na kitanda changu na nisingekuwa na wewe, na nisingejua hata nimekosa nini.

Nakushukuru kwa mwaka ule. Nakushukuru kwa siku ya Shelly Beach, mlinzi wa hoteli alipokufungulia wewe geti na kunizuia mimi, nawe ukageuka ukatoka bila kumjibu, tukaogelea upande wa wavuvi mpaka midomo ikawa ya samawati. Nakushukuru kwa siku tatu ulizofunga Ramadhani nasi, na ile ya nne ulipomkuta Baba akinywa maji kwa siri kwa sababu ya homa, usiseme kwa mtu. Nakushukuru kwa picha uliyotutumia umesimama kwenye theluji, kanga ya Mama juu ya koti, na nyuma yake umeandika kwa Kiswahili kilichoanza kusahaulika, "Hapa baridi sana hata hasira zinaganda." Na kwa barua za miaka yote hii, hata zile fupi.

Nafanya kazi chekechea siku hizi, na mtoto akiletwa mara ya kwanza analia, simbembelezi sana. Nampa kazi ya kugawa vikombe. Akikosea namwambia amekosea. Wenzangu hunishangaa. Hilo nimelipata kwako.

Mama hakuuliza kama inafaa au haifai. Jumatano asubuhi alitandika mikeka sebuleni, akavaa leso zake za msiba, akakaa. Alisema wenyewe huko watakuombea kwa njia yao, yeye atakaa kwa njia yake. Bi Rukia alifika wa kwanza, anatembea kwa bakora sasa, akalia kwa sauti. Wakaja wengine waliokujua, na wengine waliohamia baada yako, ambao walisikia tu kwamba kwetu kuna kilio.

Mmoja wa hao wageni, mama wa nyumba mpya pale kona, alimpa Mama mkono wa pole, kisha akauliza kwa heshima, kama mtu anayetaka kujua asikosee, huyo marehemu alikuwa nani wake.

"Mwanangu," Mama akasema. "Wa pili." Akaninyooshea kidevu. "Huyu ndiye mkubwa wake. Amempita miezi mitano."

Yule mama akanitazama, akamtazama Mama, akafungua mdomo. Nadhani alikuwa akihesabu miezi. Kisha Bi Rukia akamkazia jicho kutoka pembeni, naye akasogea, akaketi kwenye mkeka nasi, akalia.

Pumzika, mdogo wangu. Huku waliofiwa nawe ni wengi.

Ni mimi, dada yako mkubwa kwa miezi mitano,
Saumu
Likoni